Simu yako inachunguzwa? Zana za bure, zenye msimbo wa wazi, ninazotumia mezani kwangu

Fundi wa Makoroboi (mleta mada)

Wakuu, habari za usiku.

Nina meza ya kutengeneza simu hapa Mwanza, mwaka wa tisa huu. Ni mwanamke, na nadhani ndiyo maana kinamama wananiletea shida ambayo kwa mafundi wengine wanaimeza. Hawaanzi na shida yenyewe, wanaanza na chaji. "Dada, simu inakula chaji." Nafungua, nakuta betri nzima, haijavimba. Ndipo sauti inashuka: "Halafu kuna mtu anajua kila ninachoandika."

Nitasimulia kisa kimoja. Nimebadilisha mambo mawili matatu ili mwenyewe asitambulike. Ni mama muuza mitumba. Mume wake alikuwa akimrudishia maneno aliyomwandikia dada yake WhatsApp, neno kwa neno, wakati wa kula. Alikuwa ameshalipa mara mbili kabla ya kufika kwangu. Mara ya kwanza fundi mmoja aliiflashi simu kwa elfu thelathini. Wiki haikuisha mume akawa anajua tena, maana namba ya siri ya simu anayo na usiku simu inalala hapo hapo kitandani. Mara ya pili alinunua kwenye kundi fulani "app ya kuzuia udukuzi" kwa elfu kumi na tano. Niliikagua. Ina picha ya ngao inayozunguka na maandishi ya kijani, UKO SALAMA. Zaidi ya hapo haifanyi kitu, ila yenyewe ilikuwa imeomba ruhusa ya kusoma SMS zake.

Nilianza kwa macho. Play Protect, ule ulinzi wa Google unaokagua programu: imezimwa. Ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya duka: imewashwa kwenye kivinjari. Nikaingia kwenye Mipangilio, sehemu ya Ufikivu, ile iliyowekwa kwa ajili ya watu wasioona vizuri. Programu yoyote yenye ruhusa hiyo inaweza kusoma kila kinachoandikwa kwenye skrini. Palikuwa na kitu kinaitwa "System Service", alama yake gurudumu la kijivu kama la mipangilio. Kwenye skrini ya mwanzo hakionekani kabisa. Kilikuwa na ruhusa ya mahali, kipaza sauti, SMS na arifa zote, na kilikuwa kimejiweka kuwa msimamizi wa kifaa ili kisifutike kirahisi.

Hapo nilikuwa na mashaka tu, nikataka uhakika. Nina kompyuta mpakato ya zamani yenye programu inaitwa SpyGuard. Inatengeneza Wi-Fi, mteja anaunganisha simu yake, halafu inasoma simu hiyo inapiga hodi kwenye anwani zipi za intaneti. Kwenye simu yenyewe haugusi kitu. Tulikaa kama robo saa tukinywa soda. Ripoti ilipotoka, kulikuwa na anwani moja iliyokuwa ikiitwa tena na tena, na anwani hiyo imo kwenye orodha ya anwani za programu za kijasusi wanazouziwa wachumba na wanandoa. Orodha hiyo inatunzwa hadharani na chama cha Ufaransa kinaitwa Echap. Yeyote anaweza kuisoma, kuongeza, kusahihisha.

Akaniambia futa. Nikamuuliza: ukifika nyumbani leo, na huko anakoangalia akute kimya, itakuwaje?

Alinyamaza muda mrefu sana. Kisha akasema acha.

Aliondoka na simu ikiwa vile vile. Akawa anaandika humo mambo ya kawaida tu, bei ya mzigo, salamu za kanisani, na mipango yake akaipanga kwa kiswaswadu cha dada yake. Wiki tatu baadaye, akiwa ameshahama, aliirudisha tukaisafisha.

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu zana zote nilizotumia siku ile ni bure, na watu wanaibiwa pesa kwa kutozijua. Nitaendelea.

Kisima cha Mbuyu

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, mbona wengine tunapiga tu *#21# na inatuambia kama simu inafuatiliwa?

Fundi wa Makoroboi

Mkuu asante kwa kuliuliza, maana hili linazunguka WhatsApp kila mwezi.

*#21# inakuonyesha kama simu zinazoingia zimeelekezwa kwenye namba nyingine bila masharti. *#62# inakuonyesha zinaelekezwa wapi ukiwa umezima au huna mtandao, na mara nyingi namba utakayoiona ni ya huduma ya ujumbe wa sauti ya kampuni yako. ##002# inafuta maelekezo yote. Zina faida, maana kuna matapeli wanaomshawishi mtu apige kodi fulani ili simu zake ziende kwao, kisha wanaomba namba ya kuthibitisha WhatsApp kwa njia ya kupigiwa. Lakini programu ya kijasusi iliyomo ndani ya simu haiguswi na *#21# hata kidogo. Hata kwenye simu ya yule mama niliipiga. Ilijibu kila kitu kiko sawa.

Binti Igoma

Dada mbarikiwe. Mimi shida yangu siyo mume, ni mikopo ya mtandaoni. Nilikopa elfu hamsini, nikachelewa siku mbili, wakampigia bosi wangu, mchungaji na mama mkwe. Namba walizitoa wapi?

Fundi wa Makoroboi

Pole sana mdogo wangu. Walizitoa kwenye simu yako, dakika ile ile ulipobonyeza Ruhusu.

Google walizuia programu za mikopo zilizopo dukani kwao kugusa orodha ya majina na picha tangu tarehe 31 Mei 2023. Ndiyo maana nyingi sasa zinakuja kwa kiungo cha WhatsApp, unapakua APK, yaani faili la kusakinisha programu, duka limerukwa. Benki Kuu yetu Novemba 2024 ilitangaza majina ya majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Ile orodha itafute, ilinganishe na zilizomo kwenye simu yako.

Kwa upande wa zana, anza na Exodus Privacy. Ni chama kilichoanzishwa Ufaransa 2017. Wanaichambua programu ya Android na kukuambia ina vifuatiliaji vingapi ndani, yaani vipande vya kukusanya habari zako, na inaomba ruhusa zipi. Kuna tovuti yao na kuna programu ndogo ya kuweka kwenye simu, inapatikana F-Droid, lile duka la programu huria lililokuwepo tangu 2010. Jambo moja usilisahau: Exodus inatambua alama za vifuatiliaji ndani ya msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, haikuambii kwamba sasa hivi kinafanya kazi. Na kwa APK iliyotoka kwenye kiungo cha WhatsApp, mara nyingi haitakuwa na ripoti yoyote.

Hapo ndipo natumia PCAPdroid. Haihitaji kuruti simu, yaani kuifungulia ruhusa za ndani kabisa. Inajifanya VPN, njia ambayo data zote hupitia, humo humo ndani ya simu na kukuorodheshea kila programu inawasiliana na nani, saa ngapi, imepeleka kiasi gani cha data. Mara ya kwanza nilipoiwasha kwenye simu yangu mwenyewe, tochi ilikuwa inawasiliana na anwani sita. Tochi! Niliifuta saa hiyo hiyo, simu zote zina tochi yake.

Na mdogo wangu, lalamiko lako lina pa kwenda. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa 2022 na inatumika tangu Mei 2023, na Tume yake ipo. Tunza ujumbe waliowatumia ndugu zako, piga picha za skrini, zenye tarehe.

Mzee wa Hoja

Nyie mnafundisha watu kujificha. Asiye na kosa haogopi kuangaliwa. Mke anayeficha simu ana jambo.

Fundi wa Makoroboi

Mzee wangu, shikamoo. Nakujibu kwa heshima.

Yule mama hakuwa anaficha simu. Alikuwa anaandika kwa dada yake kwamba anapigwa. Anayemchunguza ndiye huyo anayempiga. Ukimwambia asiye na kosa asiogope, unamwambia amwachie mpigaji asome pa kumkuta.

Na hata pasipokuwa na kipigo, aliyeweka kitu kile alikiweka usiku, akazima Play Protect, akakipa jina la uongo. Katika chumba kile, aliyejificha ni huyo.

Sina la kuongeza kwenye hilo.

Mtoto wa Pangani

Fundi, swali la dhati. Nitajuaje kwamba hizi zana zako zenyewe siyo jicho lingine? Kitu cha bure siku zote kina mwenyewe.

Fundi wa Makoroboi

Hili ndilo swali nilikuwa nalisubiri.

Ile app ya ngao ya elfu kumi na tano, hakuna anayeweza kujua inafanya nini mpaka mtu aivunjevunje. Hizi ninazozitaja, msimbo wake wote umewekwa hadharani, na hilo limeshaleta matokeo yanayoonekana. Chukua SpyGuard. Ilitokana na TinyCheck, ambayo mtafiti Félix Aimé aliitengeneza akiwa Kaspersky, ikatoka 2020, kwa ajili ya nyumba za hifadhi za wanawake wanaokimbia ukatili. Wazo lilikuwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ikae mezani, mwanamke aunganishe simu yake, na mwanaume asijue kama imepimwa. Sasa Kaspersky ni kampuni ya Urusi, na wapo wasioiamini. Kwa sababu msimbo uko wazi, hawakulazimika kuiamini. Aliyetaka alisoma. Félix alipoondoka pale kazi haikufa, iliendelea kwa jina jingine. Mimi fundi wa Mwanza, nisiyemjua, naitumia bila kumlipa wala kumwomba ruhusa.

Msimbo wote siwezi kuusoma, nasema kweli. Nasoma Python, lugha ya kuandikia programu, kwa kusuasua. Ila naweza kuona ni nani wameusoma, wamelalamikia nini, na malalamiko yamejibiwaje. App ya ngao haina ukurasa wa malalamiko.

Kamau wa Rongai

Salamu kutoka Nairobi. Fundi umefanya kazi nzuri, naongeza moja ambayo sisi huku tunaifuatilia sana: Rayhunter.

Kuna vifaa vinajifanya mnara wa simu. Simu yako inavutwa na mawimbi yenye nguvu, inajisajili pale, na kutoa namba ya utambulisho ya laini, ile IMSI. Mwenye kifaa anajua nani alikuwa kwenye uwanja au kwenye maandamano siku ile. Udhaifu mkubwa uko kwenye 2G: mnara unaihakiki simu, lakini simu haina njia ya kuhakiki mnara. Kwa hivyo ujanja mmoja ni kuishusha simu kutoka 4G hadi 2G.

Zamani kulikuwa na SnoopSnitch ya wale wa SRLabs kule Berlin, tangu 2014, lakini ilitaka simu iliyorutiwa, tena yenye chipu ya Qualcomm, kwa hivyo wengi walishindwa. Machi 2025 EFF, shirika la Marekani la kutetea haki za watu mtandaoni, likatoa Rayhunter. Wanachukua kile kimodemu cha mfukoni cha Wi-Fi, Orbic RC400L, kilichokuwa kikipatikana kule kwa kama dola 20 mwaka 2025, wanaweka programu yao ndani. Inasoma ujumbe wa udhibiti kati ya modemu na mnara, siyo mazungumzo ya mtu. Kwenye kioo cha kifaa kuna mstari: ukiwa kijani hakuna jambo la kutilia shaka, ukigeuka mwekundu kuna jambo.

Orbic ni ya masafa ya huko Amerika. Kwa upande wetu inayofaa ni TP-Link M7350. Nilipata iliyotumika, nikahangaika nayo wikendi nzima, sasa iko kwenye mkoba wangu kila siku. Mwekundu nimeuona mara moja tu, nikiwa safarini kuelekea Naivasha. Niliipakua ile kumbukumbu nikaisoma na rafiki yangu anayefanya kazi ya redio. Ilikuwa mtandao umeshuka pale mabondeni, basi. Hapo ndipo nilijifunza kwamba mstari mwekundu ni mwito wa kwenda kusoma kumbukumbu. Usikimbie kuposti.

Fundi wa Makoroboi

Kamau, asante sana kaka. Naongeza: kuanzia Android 12 simu nyingi zina swichi ya kuzima 2G, iko kwenye mipangilio ya laini. Ila mtu wa kijijini ajihadhari, kuna sehemu 2G ndiyo mtandao pekee, ukiizima umejikatia mawasiliano.

Dereva Nyakato

Mimi nina bajaji. Nasikia kuna vidude vidogo vya kufuatilia. AirTag. Simu yangu ni ya Android, nitakijuaje?

Fundi wa Makoroboi

AirGuard, mkuu. AirTag ilitoka Aprili 2021. Mwenye iPhone alikuwa anapewa taarifa kwamba kuna kidude kisicho chake kinamfuata, mwenye Android hakuwa na kitu. Maabara moja ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, wakatengeneza AirGuard mwaka huo huo. Apple wenyewe walileta ya kwao Desemba, lakini hiyo ilikutaka ushuku kwanza, uifungue, ubonyeze. AirGuard inatafuta yenyewe simu ikiwa mfukoni, na ikikutana na kidude kile kile sehemu tofauti tofauti inakupa taarifa, na ramani ya ulipokutana nacho. Inatambua na SmartTag za Samsung na Tile. Google waliweka tahadhari ya namna hiyo ndani ya Android Julai 2023, na Mei 2024 Apple na Google wakaanza kutumia utaratibu mmoja. Angalia kwanza kama simu yako inayo.

Ila kwa bajaji, sikiliza vizuri. AirGuard inasikia Bluetooth. GPS ya laini, ile inayofungwa kwenye waya wa betri na kutuma mahali kwa SMS au data, AirGuard haiioni kabisa. Hiyo inatafutwa kwa mkono na tochi: chini ya kiti, nyuma ya taa, fuata kila waya wa betri usiokuwa wa kiwandani. Na kama chombo ni cha mkopo, soma mkataba kwanza. Huenda GPS imeandikwa humo na ulisaini.

Mjomba Columbus

Niko Ohio. Huku jicho liko barabarani. Kuna kamera zinasoma namba za magari kila kona, kampuni moja kubwa inaitwa Flock Safety. Jamaa mmoja, Will Freeman, alianzisha ramani inaitwa DeFlock mwaka 2024. Watu wa kawaida wanazitafuta kamera, wanaziweka kwenye OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wenyewe, pamoja na upande inaotazama. Kampuni ilimwandikia barua ya kisheria abadilishe jina, EFF wakamtetea, ramani ipo mpaka leo. Mimi mwenyewe nimeweka mbili, moja karibu na shule ya wanangu.

Mtoto wa Pangani

Mjomba umenigusa. OpenStreetMap tunaijua sisi. Nilikuwa mwanafunzi Dar wakati wa Ramani Huria, 2015, tulizunguka na wakazi wa kata tukichora mitaro na nyumba zinazofurika. Mzee mmoja Tandale alituonyesha mfereji ambao haukuwa kwenye ramani yoyote ya serikali. Alama ya kuweka kamera ya ulinzi ipo kwenye ramani ile ile. Sikuwahi kufikiri kuitumia hivyo.

Fundi wa Makoroboi

Wa iPhone walionifuata PM: kuna MVT, zana ya Maabara ya Usalama ya Amnesty International, ilitoka Julai 2021 pamoja na ile habari ya Pegasus, programu ya kijasusi inayouzwa kwa serikali. Unachukua nakala rudufu ya simu kwenye kompyuta, inailinganisha na alama zinazojulikana za programu za kijasusi. Inatumika kwa kuandika amri, siyo ya kubonyezabonyeza. Na isipokuta kitu, maana yake haikukuta alama inazozijua. Usitoke pale ukasema simu ni safi.

Lakini wakuu, kabla ya zana yoyote, fanyeni haya ya dakika tano, maana kwa wengi wanaonijia jibu liko hapa. WhatsApp, fungua Vifaa vilivyounganishwa. Akaunti ya Google, tazama vifaa vilivyoingia. Ramani za Google, tazama kama unashiriki mahali ulipo na mtu. Hapo hakuna udukuzi wowote. Mtu alishika simu yako ukiwa unaoga, akasoma nayo msimbo wa QR ulio kwenye kompyuta yake, akairudisha.

Mjukuu wa Ukara

Samahani naingilia. Nimefanya hiyo ya WhatsApp sasa hivi kwenye simu ya dada yangu, yuko hapa pembeni yangu. Kuna "Google Chrome, Windows", ilitumika mara ya mwisho leo saa kumi na mbili jioni. Dada hana kompyuta. Tunajua ni nani. Anataka niitoe sasa hivi.

Fundi wa Makoroboi

Usiitoe bado, mdogo wangu. Mwulize dada kwanza: huyo mtu leo usiku atakuwa wapi, na dada atalala wapi. Wakati anafikiri, piga picha ya skrini hiyo kwa simu yako wewe, siyo ya kwake. Tarehe na saa zionekane. Asiandike chochote kuhusu jambo hili kwenye WhatsApp yake, hata kwako.

Kesho nipo mezani kuanzia saa mbili asubuhi. Njoo naye, na simu iwe na chaji.